Bei ya gari huamuliwa kabla mnunuzi hajafika yadini

Mkazi wa Umoja, Donholm au Kayole anayekwenda kununua gari huandamana na watu wawili. Wa kwanza ni fundi wa kusikiliza injini na kuchungulia chini ya gari. Wa pili ni jamaa anayesifika mtaani kwa ulimi wake, yule ambaye hakuna muuzaji awezaye kumtajia bei akaikubali. Fundi ana kazi ya maana. Huyo wa pili mara nyingi huwa amechelewa kwa miezi miwili au zaidi, kwani sehemu kubwa ya bei anayotaka ipunguzwe ilikwisha kuamuliwa katika mnada wa Japani, katika soko la dola na katika afisi za Halmashauri ya Ushuru Nchini, KRA.

Hapa ndipo shida ya mnunuzi wa tabaka la wastani jijini Nairobi inapoanzia. Hutumia nguvu zake zote kujadiliana mahali ambapo hakuna mengi ya kujadili, kisha akatia sahihi bila swali mahali ambapo angeokoa laki mbili.

Kwanza, neno lenyewe "gari jipya" lina maana mbili katika mitaa ya Eastlands. Kwa kampuni rasmi za magari, gari jipya ni lile ambalo halijawahi kumilikiwa na mtu. Kwa wananchi wengi, gari jipya ni lile lililoshushwa kutoka melini Mombasa, likapewa nambari ya usajili ya Kenya kwa mara ya kwanza, hata kama limeendeshwa Yokohama kwa miaka saba. Majirani hawatasema fulani amenunua mtumba. Watatazama herufi za nambari ya usajili, wakiona ni za hivi karibuni, basi hilo ni gari jipya. Kwa kawaida hiyo hiyo, magari mawili ya mwaka mmoja na injini moja hutofautiana bei kwa sababu moja ilisajiliwa katika kundi la KC na lingine katika kundi la KD, ingawa herufi hizo haziongezi hata siku moja ya uhai wa injini.

Magari mapya ya maana ile ya kwanza ni machache mno. Katika mwaka wa 2023 na ule wa 2024, kampuni rasmi hazikufikisha magari 12,000 kwa mwaka kote nchini, na mengi kati ya hayo yalikuwa malori, mabasi na pikapu. Mambo hayakuwa hivi daima. Hadi serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji mapema katika miaka ya 1990, mtumishi wa umma aliyetaka gari alitegemea kampuni hizo hizo chache na mikopo ya mwajiri wake. Soko lilipofunguliwa, mitumba ya Japani na Dubai iliingia kwa wingi, nazo kampuni zikabaki kuuzia serikali, mashirika na matajiri.

Ajabu ni kwamba vyumba vya maonyesho vya kampuni hizo viko jirani kabisa na watu wasiovitembelea. Eneo la Viwanda, ambako Toyota, DT Dobie na Isuzu zina makao yao, linapakana na Makongeni, Mukuru na South B. Maelfu ya vibarua hupita mbele ya vioo hivyo kila asubuhi wakienda kazini kwa miguu.

Idadi ya washindani nayo imepungua. Kampuni ya CMC Motors, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa nchini na ambayo ilinunuliwa na kundi la Al-Futtaim la Dubai mwaka 2014, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga biashara yake Kenya, Uganda na Tanzania. Penye wauzaji wachache mnunuzi hukosa mahali pa kutishia kwenda.

Turufu kubwa, hata hivyo, iko mikononi mwa serikali. Wengi hudhani kwamba ushuru hutozwa kulingana na bei waliyolipa Japani. Kwa mitumba mambo si hivyo. KRA ina orodha yake ya bei za rejareja za magari yakiwa mapya, na kutokana na bei hiyo hukata asilimia fulani kwa kila mwaka wa umri wa gari, kisha ikaondoa kodi zilizomo ndani yake ili kupata thamani ya forodha. Thamani hiyo ndiyo inayotozwa ushuru. Mnunuzi aliyebahatika kupata gari kwa bei nafuu mnadani, au aliyejadiliana kwa barua pepe usiku kucha hadi akapunguziwa Sh50,000, hatapunguziwa ushuru hata kwa shilingi moja.

Orodha hiyo inapobadilishwa, bei za yadi zote hubadilika kwa pamoja. KRA ilipotangaza orodha mpya ya kuanza kutumika Julai 1, 2025, baada ya ile ya awali kutumika kwa miaka kadhaa, waagizaji walipiga kelele kwamba ushuru wa baadhi ya magari yanayopendwa na Wakenya ungepanda ghafla. Mnunuzi wa kawaida hakuwa na kiti katika mabishano hayo, ingawa yeye ndiye angelipa.

Viwango vyenyewe vinafaa kutazamwa kwa hesabu. Kwa mujibu wa viwango vya mwaka 2025, kila Sh100 za thamani ya forodha za gari lenye injini isiyozidi sisi 1,500 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani Sh35. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hutozwa juu ya jumla hiyo ya Sh135, nao ni Sh27. Kodi ya ziada ya thamani, VAT, ya asilimia 16 hutozwa juu ya Sh162, nayo ni karibu Sh26. Kisha kuna ada ya tangazo la uagizaji ya asilimia 2.5 na ile ya ujenzi wa reli ya asilimia 2. Jumla ya yote ni takriban Sh92.40. Kwa injini inayozidi sisi 1,500, ushuru wa bidhaa huwa asilimia 25, na jumla hupita Sh100. Maana yake ni kwamba serikali hupokea sawa na thamani nzima ya gari ambalo haikulitengeneza wala haikulisafirisha.

Kabla ya Julai 2023, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, na mzigo wote kwa gari dogo ulikuwa kama Sh79.50 kwa kila Sh100. Mwaka huo huo shilingi ilikuwa ikiporomoka. Kufikia Januari 2024, dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh160, kabla shilingi haijapata nguvu na kurejea karibu na Sh130 katikati ya mwaka huo. Aliyenunua gari wakati wa Krismasi ya 2023 alipigwa pande zote mbili, na hapana ufundi wa kujadiliana ambao ungemwokoa.

Miaka ya nyuma kulikuwa na mfano mchungu zaidi. Desemba 2015, serikali iliacha kutoza ushuru wa bidhaa kwa asilimia, ikaweka kiwango kimoja cha Sh200,000 kwa kila gari lililozidi umri wa miaka mitatu, na Sh150,000 kwa lisilozidi. Kwa tajiri aliyeagiza gari kubwa la kifahari, huo ulikuwa msamaha. Kwa mwalimu wa Kariobangi South aliyekuwa akijikusanyia fedha za kununua Vitz, ulikuwa ukuta. Utaratibu huo uliondolewa mwaka uliofuata baada ya malalamiko, lakini waliokuwa wamekwisha kulipa walikuwa wamelipa.

Basi ni kiasi gani hasa kinachoweza kujadiliwa yadini? Ichukuliwe kwamba gari dogo limemgharimu mwagizaji Sh550,000 hadi kufika bandarini, na kwamba KRA imelipa thamani ya Sh500,000. Kodi zote zitakuwa kama Sh462,000. Ichukuliwe pia kwamba gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na dereva wa kulileta Nairobi zimefika Sh80,000. Hapo gari limekwisha kula Sh1,092,000 kabla halijaegeshwa. Yadi ikitaja Sh1,250,000, nafasi yote iliyopo kati ya muuzaji na hasara ni kama Sh158,000. Ndani ya pesa hizo mna kodi ya kiwanja, mishahara, riba ya fedha alizokopa mwagizaji na faida yake. Anayedai apunguziwe laki tatu anapoteza muda, na akikubaliwa, basi ana sababu ya kuogopa. Huenda gari hilo lina kasoro, au mita yake ya kilomita imerudishwa nyuma, au ushuru wake haujalipwa.

Mnunuzi mwenye busara huomba karatasi kabla ya kuomba punguzo. Stakabadhi ya forodha huonyesha gari liliingia lini na lilitozwa ngapi. Cheti cha Kijapani cha kuuza gari nje huonyesha mwaka wa usajili wa kwanza na, mara nyingi, kilomita zilizosomwa katika ukaguzi. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hizo amejibu maswali kadhaa kwa wakati mmoja.

Tarehe ya kuingia ina thamani nyingine. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Katika mwaka wa 2025, mwaka wa mwisho ulioruhusiwa ulikuwa 2018, na katika mwaka wa 2026 ni 2019. Kwa hiyo kila Desemba waagizaji hukimbizana kuingiza magari ambayo baada ya usiku wa mwaka mpya hayatapokelewa bandarini. Januari hufika yadi zikiwa zimejaa magari ya mwaka ule wa mwisho, na wakati huo huo wazazi wana karo za kulipa na mishahara imekwisha. Gari lililokaa yadini kwa miezi minne humla mwenyewe riba kila siku. Hapo ndipo maneno ya yule jamaa mwenye ulimi huanza kusikilizwa.

Kuna mtu wa tatu katika biashara hii ambaye haonekani kwenye karatasi yoyote, naye ni dalali. Magari mengi yanayosimama katika yadi za Nairobi si ya mwenye yadi. Yameachwa hapo na waagizaji au na watu binafsi, na kila anayemleta mteja hutia chake. Wenyeji hukiita "cha juu". Dalali wa kwanza humpigia wa pili, wa pili humpigia mwenye ufunguo, na mnunuzi huambiwa bei iliyobeba watu watatu. Punguzo analopewa baadaye kwa mbwembwe huwa ni cha juu cha mmoja wao. Njia ya pekee ya kukivunja ni kumpata mwenye gari mwenyewe, na kazi hiyo huanza kwa kutafuta jina lililo katika rekodi ya usajili, ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba kwa ada ndogo kupitia mtandao wa Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA. Utafutaji huo pia huonyesha kama kuna benki inayolidai gari hilo. Inashangaza kwamba watu huuza shamba la urithi ili wanunue gari, kisha wakaona uzito kulipa ada hiyo.

Yote hayo, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na kinachotendeka mezani pa mkopo.

Mnunuzi aliyebishana kwa saa tatu ili aondolewe Sh40,000 hupelekwa afisi ya pili, akaonyeshwa fomu, akaambiwa malipo yake ya kila mwezi. Akiona anayamudu, hutia sahihi. Haulizi riba inahesabiwa vipi. Mkopo wa Sh1,000,000 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, una sura mbili. Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, mkopaji atalipa karibu Sh34,700 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama Sh248,000. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa awali kwa kila mwaka, kana kwamba hajalipa chochote, riba itakuwa Sh450,000. Asilimia iliyoandikwa kwenye fomu ni ile ile. Tofauti ni zaidi ya Sh200,000, kiasi ambacho kinazidi faida yote ya muuzaji katika mfano uliotangulia.

Wale wanaokopesha kwa dhamana ya hati ya umiliki, yaani logibuku, hutaja riba kwa mwezi. Asilimia 3 husikika ndogo masikioni mwa mtu mwenye haraka. Kwa mwaka ni asilimia 36.

Kipindi cha kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria iliwawekea wakopeshaji wa benki kikomo cha asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zilijibu kwa kuwanyima mikopo watu wasio na mishahara ya uhakika, na wengi wa hao walikuwa wafanyabiashara wa Gikomba, Kamukunji na Eastleigh. Hao waliishia kwa wakopeshaji wa logibuku, ambao kikomo hicho hakikuwagusa. Nia ya sheria ilikuwa njema, lakini matokeo yake Eastlands yalikuwa kinyume.

Sheria ya Ununuzi wa Polepole, ambayo ni ya zamani, ina kinga ambayo wachache huijua. Mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei chini ya mkataba wa namna hiyo, mwenye gari hawezi kulichukua bila kwenda mahakamani. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya siku hizi imeandikwa kama mikopo ya kawaida yenye gari kuwa dhamana, si kama ununuzi wa polepole, na gari husajiliwa kwa majina ya benki na mkopaji kwa pamoja. Aliyelipa kwa miaka miwili na nusu akashindwa miezi michache ya mwisho huamka asubuhi akakuta mahali pa kuegesha pako patupu. Swali la "mkataba huu ni wa aina gani?" lilistahili kuulizwa siku ya kwanza.

Mfano ulio wazi wa bei nzuri isiyotosha ni ule wa teksi za mtandaoni. Uber iliingia Nairobi Januari 2015, na vijana wengi wa Buruburu, Umoja na Embakasi wakaona njia ya kujiajiri. Mwanzoni mwa 2018, kampuni hiyo ilianzisha huduma ya bei nafuu iliyoitwa ChapChap. Madereva waliofanya kazi vizuri waliwezeshwa kupata Suzuki Alto mpya kabisa kutoka CMC kwa mkopo wa benki ya Stanbic. Kwa mara ya kwanza, kijana asiye na mshahara wa mwezi aliendesha gari ambalo halijawahi kuguswa na mwingine, lenye injini ndogo isiyokunywa mafuta mengi. Mashirika makubwa yalikuwa yamejadiliana kwa niaba yake, na bei ilikuwa ya haki. Jambo moja tu halikuwekwa katika mkataba huo, nalo ni nauli. Julai mwaka huo huo, madereva wa teksi za mtandaoni jijini waligoma, wakisema nauli zilizokuwa zikipangwa na kampuni hazitoshi mafuta na malipo ya mikopo.

Mahali ambapo mwananchi wa Eastlands hununua gari jipya kwa maana halisi ya neno ni katika biashara ya matatu. Hapa ndipo kuna ujuzi wa kujadiliana ambao mnunuzi wa gari la nyumbani angejifunza.

Matatu zilipata uhuru wao mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu ziendeshwe bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Kwa miongo mitatu, mwenye matatu alikuwa mtu mmoja na gari lake. Kisha, Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alianza kutekeleza kanuni zake: vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, mstari wa manjano, na abiria 14 tu kwenye matatu ndogo. Wenye magari walikimbilia vifaa hivyo wote kwa wakati mmoja, kila mtu peke yake, na wauzaji wakapandisha bei walivyotaka. Lilikuwa somo la gharama kubwa juu ya udhaifu wa mnunuzi anayesimama peke yake penye tarehe ya mwisho.

Serikali ilitangaza baadaye kwamba kuanzia 2011 haitasajili matatu mpya za abiria 14, sera ambayo haikutekelezwa kikamilifu, na ikawataka wamiliki wajiunge na vyama vya ushirika, yaani Sacco, au kampuni. Kanuni za NTSA za mwaka 2014 zilitaka kila chombo kiwe na magari yasiyopungua 30. Nia ilikuwa nidhamu barabarani. Nidhamu bado inabishaniwa, kama abiria yeyote wa Jogoo Road anavyoweza kueleza. Lakini kanuni hizo zilizaa kitu ambacho huenda hakikukusudiwa, yaani mnunuzi mwenye nguvu. Vyama kama Umoinner cha Umoja, Forward Travellers cha Kayole na Embassava cha Embakasi vilikuwa na wanachama wengi waliotaka gari la aina moja kwa wakati mmoja. Muuzaji asiyeweza kumpunguzia mtu mmoja hata Sh20,000 husikiliza tofauti mbele ya meza ya watu kumi.

Hata hapo, punguzo la fedha si jambo la kawaida. Kampuni za magari mapya huchukia kushusha bei iliyochapishwa, kwa sababu mteja wa kesho ataitaka hiyo hiyo. Zinachokubali ni kutoa vitu vingine: huduma za bure kwa kilomita kadhaa za mwanzo, dhamana ya muda mrefu zaidi, mafunzo ya madereva, vipuri, na barua ya kumtambulisha mnunuzi kwa benki ili amana ipunguzwe. Kwa mwenye matatu, ambaye gari lake likilala siku moja hupoteza mapato ya siku nzima ilhali benki haijali, huduma ya haraka ina thamani kuliko punguzo.

Isitoshe, matatu hununuliwa mara mbili. Isuzu ya abiria 33, ambayo imetawala barabara za Eastlands kwa miaka mingi, huunganishwa katika kiwanda kilicho karibu na makutano ya Mombasa Road na Enterprise Road. Kiwanda hicho kilianzishwa na General Motors katika miaka ya 1970, na Isuzu yenyewe ikanunua hisa zake mwaka 2017. Kinachotoka hapo ni chasisi: fremu, injini, magurudumu na usukani. Mwenye gari huipeleka kwa waundaji wa bodi. Wako wakubwa kama Banbros na Labh Singh Harnam Singh, na wako mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries.

Katika hatua hii ya pili kila kitu hujadiliwa: unene wa bati, idadi ya nguzo, ngozi ya viti, rangi, muziki, skrini, taa. Mteja hukaa kwenye mkebe wa rangi akihesabu na fundi bei ya kila kipande. Gari linalokusudiwa kuwa "nganya", yaani matatu ya fahari itakayogombewa na vijana wa Buruburu, linaweza kula fedha nyingi katika mapambo ambayo benki haiyakopeshi na ambayo bima haiyahesabu. Mwenye gari hulipa kwa akiba au kwa deni la mafundi. Tangu viwango vya ujenzi wa bodi vya Shirika la Viwango, KEBS, vianze kukazwa, ubahili katika nguzo na bati umekuwa hatari kwa mfuko pia, si kwa abiria pekee, kwani gari lisilofaulu ukaguzi halipati leseni. Kabla ya kwenda barabarani kuna bei nyingine, ada ya kujiunga na Sacco inayomiliki njia. Hiyo haina orodha popote, na anayeijua ni aliyekwisha kuilipa.

Mnunuzi wa gari la nyumbani hana Sacco. Anayo hata hivyo mitaa ambayo haikujengwa kwa ajili ya gari lake. Kaloleni na Makongeni zilijengewa vibarua waliotarajiwa kutembea. Ni Buruburu, iliyojengwa katika miaka ya 1970 na mapema 1980 kwa ajili ya tabaka la wastani, iliyokumbuka magari. Katika maghorofa ya Umoja na Pipeline, gari hulipiwa ulinzi na maegesho kila mwezi, wakati mwingine mbali na nyumbani. Gharama hiyo, pamoja na bima na mafuta, haitajwi na muuzaji yeyote, ingawa kwa miaka mitano inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Mtindo mpya wa bei umeanza kuonekana katika mabasi ya umeme. Kampuni ya BasiGo ilianza majaribio Nairobi Machi 2022 kwa kushirikiana na Citi Hoppa na East Shuttle. Wakati huo, basi la abiria 25 lilitajwa kwa Sh5 milioni bila betri, naye mmiliki alitakiwa kulipa Sh20 kwa kila kilomita, malipo yaliyojumuisha betri, umeme na matengenezo. Ukubwa wa bei ya kwanza ulifanana na wa basi la dizeli, na hapo ndipo wamiliki walipoanza kupiga hesabu tofauti: basi huenda kilomita ngapi kwa siku kutoka Eastlands hadi katikati ya jiji, dizeli ingekuwa shilingi ngapi kwa kilomita hizo, na nani atalipa basi likisimama kwa sababu chaja haifanyi kazi. Mjadala wao na muuzaji hauishi siku ya kupokea ufunguo. Unaendelea kila kiwango cha kilomita kinaporekebishwa.